Pumzi Nane kwa Dakika

Kiti cha Mwenyekiti kilikuwa cha mianzi, nacho kililalamika kila Sajini alipojisogeza. Alijisogeza mara tatu, kwa makusudi: kwanza katikati, kisha kushoto, kisha kulia kabisa mpaka bega lake likagusa ukuta wa roshani. Mara zote tatu alipotazama chini, kwenye ua wa Fundi Saa, aliona vitu vilevile: kibanda kisicho na mbwa, kipande cha sakafu ya saruji, na tangi jeusi la maji lililoziba mengine yote.

"Ulimwona wapi hasa, Mwalimu?"

"Pale pembeni ya tangi. Amepiga magoti, mikono yake iko mdomoni mwa mbwa."

"Mikono uliiona?"

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kuchaguliwa kuongoza kamati ya wakazi, na hakuzoea kuulizwa swali mara mbili. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha.

"Niliona mgongo," alisema. "Lakini afande, mgongo wa mtu unakwambia mikono iko wapi."

Sajini aliandika neno moja kwenye kijitabu chake: *Mgongo.* Akauliza ilikuwa saa ngapi. Saa tatu na dakika ishirini, jana asubuhi, Alhamisi. Mwenyekiti alikuwa amemaliza chai. Alimwona muuguzi wa nyumba ya jirani akiparamia ukuta kama mwizi, akatumbukia upande wa pili, na baada ya nusu saa wenye nyumba walirudi kutoka kliniki wakamkuta mbwa wao amelala kama mfu, macho yamegeuka. Hivi sasa mbwa alikuwa kwa daktari wa mifugo, hajafa, hajapona.

Mbwa huyo aliitwa Karani, kwa sababu hakumruhusu mtu kupita getini bila kumwandikisha kwa sauti. Kwa wiki sita muuguzi, ambaye mtaa mzima ulimwita Sista, alikuwa amepeleka malalamiko kwa kamati: anafanya kazi usiku, analala asubuhi, na Karani hamwachi alale. Fundi Saa alijibu mbele ya kikao kwamba Karani hatanyamazishwa na mtu yeyote maadamu yeye anapumua. Mkewe aliongeza kwamba hatamsalimia Sista tena mpaka siku ya kiama. Maneno yakabaki pale, kila upande umejifungia nayo ndani.

Mwenyekiti alimwonyesha Sajini barua iliyokwisha chapwa. Kikao kingekaa saa kumi alasiri, wakazi wangepiga kura, na Sista angetakiwa kuhama nyumba aliyopanga kabla ya mwisho wa mwezi. Nakala ingekwenda hospitalini kwake.

"Hospitali watamsimamisha kazi siku hiyohiyo," Sajini alisema.

"Anayeua mbwa leo, kesho umkabidhi mgonjwa?"

Sajini alitazama saa yake. Saa sita na robo. Alishukuru kwa kiti, akashuka ngazi.

Sista alifungua mlango kabla hajagonga mara ya pili. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini hivi, amevaa soksi tu, na kwenye kiwiko cha kulia alikuwa na plasta mpya pana. Alimkaribisha mgeni, akamwekea kiti, akasimama mwenyewe mpaka alipoambiwa aketi ndani ya nyumba yake.

Chumba cha kulala kilionekana kupitia mlango ulio wazi. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa trei za mayai zilizobandikwa moja moja kwa gundi, na juu yake blanketi limepigiliwa misumari. Kitanda kilihamishiwa ukuta wa mbali kabisa na ua wa jirani, hata mlango wa kabati haukuweza kufunguka wote. Mtu aliyekaa humu alikuwa amejaribu kila kitu kilicho chini ya uwezo wake kabla ya kumsumbua mwenzake.

Sajini aliomba kuona daftari ambamo Sista aliandika malalamiko yake kabla ya kuyapeleka kwa kamati. Sista akalileta. Lilikuwa daftari la kurasa mia mbili, limepigwa mistari kwa rula: tarehe, saa, muda, aina, maelezo.

Kwa miaka kumi na moja Sajini alikuwa amesoma malalamiko ya majirani. Kituoni walimpa yeye kwa sababu wengine hawakuyataka. Karibu yote yaliandikwa na hasira, na hasira haina saa: huandika *kila siku*, huandika *usiku kucha*, huandika *watu wote tumechoka*. Humu hapakuwa na hata neno moja la namna hiyo. Alisoma:

*Saa 2:47 asubuhi. Dakika nne. Mpita njia. Alinyamaza mwenyewe.*

*Saa 4:10. Dakika moja. Mtu nisiyemjua alitikisa geti la jirani. Mbwa alikuwa na haki.*

*Saa 5:30. Dakika ishirini na mbili. Upweke. Wenyewe wametoka. Ni kulia zaidi kuliko kubweka.*

"Umeandika pale mbwa alipokuwa na haki," Sajini alisema.

"Alikuwa nayo."

"Nani alikufundisha kuandika hivi?"

Sista alieleza kwamba hakufundishwa, ndivyo wanavyoandika wodini. Unaandika ulichokiona na saa uliyokiona. Ulichokifikiria unakibakisha kichwani, maana anayeingia zamu baada yako anahitaji mgonjwa, hakuhitaji wewe.

Sajini alirudi nyuma ukurasa mmoja ili asome sentensi fulani tena, si kwa sababu ya upelelezi. Ndipo simu yake ikaita.

Alikuwa daktari wa mifugo. Habari zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, Karani amesimama, amekunywa maji, na anamtazama kila mtu kwa ubaya. Wenyewe wanaweza kuletewa leo jioni. Ya pili, haikuwa sumu ya panya wala ya wadudu. Ilikuwa dawa ya usingizi ya binadamu, nyingi mno kwa mwili wa mbwa. Angekufa kama mtu hangemlaza ubavu na kumtoa ulimi nje ili apumue.

Sajini alishukuru, akakata simu. Dawa ya usingizi ya binadamu. Na mbele yake ameketi mwanamke anayeshika funguo za kabati la dawa usiku mzima. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa jana, Alhamisi.

*Saa 3:05. Kimya kisicho cha kawaida.*

*Saa 3:12. Mkoromo. Si kubweka.*

*Saa 3:21. Pumzi nane kwa dakika.*

*Saa 3:27. Pumzi tisa.*

*Saa 3:36. Pumzi kumi na moja. Ameinua kichwa.*

"Dada," alisema taratibu, "kubweka kunasikika mtu akiwa kitandani. Pumzi hazisikiki. Ulikuwa uani."

"Nilikuwa uani."

"Uliruka ukuta."

"Geti lilikuwa limefungwa na wenyewe hawapo."

"Ulimpa nini?"

"Sikumpa kitu."

"Basi nani alimpa?"

Sista alitazama mikono yake. Alijibu kwamba swali hilo hatalijibu. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya kawaida, kama atachukuliwa sasa au baada ya kikao, maana usiku huu yuko zamu na itabidi awaambie wodini mapema watafute mtu wa kushika nafasi yake.

Mtu mwenye hatia huuliza atafungwa muda gani. Sajini hakuwahi kusikia mmoja aliyeuliza nani atawaangalia wagonjwa. Lakini hilo nalo halikuwa ushahidi, lilikuwa jambo la kubakisha kichwani. Aliomba ruhusa kutumia meza ya kulia, akaomba pia ratiba ya zamu iliyobandikwa kwenye mlango wa friji. Alimshauri Sista akalale.

"Sitapata usingizi."

"Jilaze tu. Leo hakuna wa kukubwekea."

Alifanya kazi kwa muda wa saa nzima. Alichukua karatasi nyeupe akaichora mistari miwili wima. Mstari wa kushoto aliandika saa ambayo Karani alibweka mara ya kwanza kila asubuhi, siku kwa siku, kwa wiki sita. Mstari wa kulia aliandika kama asubuhi hiyo Sista alikuwa ametoka zamu ya usiku au la.

Wiki tatu za kwanza hazikumwambia kitu. Karani alianza kazi saa mbili kasorobo, mvua inyeshe, jua liwake, Sista awe ametoka zamu au la. Kuanzia wiki ya nne mambo yaligeuka. Kulikuwa na asubuhi saba ambazo mbwa hakufungua kinywa mpaka saa tano. Sajini aliweka kidole kwenye ya kwanza, akavuka na kidole hadi mstari wa kulia. Zamu ya usiku. Ya pili: zamu ya usiku. Zote saba. Asubuhi nyingine zote, ambazo Sista alikuwa amelala usiku kama watu wengine, Karani alianza saa mbili kasorobo kama zamani.

Alhamisi ilikuwa ya nane.

Kwa hiyo dawa haikuanza jana. Ilikuwa imetolewa wiki tatu, kidogo kidogo, na kwa siku maalumu. Sajini alijiuliza kama Sista mwenyewe angeweza. Hapo ndipo alipokuta, pembeni ya asubuhi ya tatu kati ya zile saba, maelezo ya mstari mmoja: *Leo amechelewa kuanza. Sijui kwa nini. Namshukuru.*

Alivuta pumzi. Mtu hamshukuru mbwa kwa dawa aliyompa yeye mwenyewe, ndani ya daftari alilokuwa akilipeleka mbele ya kamati. Na mtu anayetaka mbwa afe hachagui siku kwa kufuata ratiba ya hospitali. Aliyefanya hivi hakumchukia Sista. Alitaka alale.

Nani alijua ni asubuhi zipi ametoka kazini? Ratiba ilikuwa ndani ya nyumba. Lakini kwa maelezo ya Mwenyekiti mwenyewe, Sista hurudi saa moja na nusu na viatu mkononi ili asimwamshe mtu, na saa hiyohiyo Fundi Saa hufungua geti lake na kufagia mbele.

Ilikuwa saa nane na nusu. Sajini alikunja karatasi yake, akavuka kwenda nyumba ya pili.

Fundi Saa alimpokea kwenye chumba chake cha kazi. Alikuwa mzee mrefu aliyepinda mabega kwa kuinamia vitu vidogo maisha yake yote. Siku hizi hakuwa na wateja, lakini meza ilikuwa safi kama ya mtu anayemsubiri mteja dakika ile: kioo cha kukuzia, koleo tano kwa mfuatano wa ukubwa, visu vitatu vyembamba juu ya kitambaa cha kijani. Mkewe alikuwa jikoni. Sajini aliomba mlango wa kati ufungwe.

Mzee alianza na Sista. Alisema maneno makali, lakini aliyasema akitazama dirishani, kama mtu anayesoma tangazo la mwingine. Sajini alimwacha amalize. Alikuwa akitazama kisu cha katikati.

"Mzee wangu, ndani ya saa kuna kitu gani cheupe?"

"Cheupe?"

"Kinachoacha unga."

Fundi Saa alitazama alipotazama yeye. Kwenye makali ya kisu na juu ya kitambaa cha kijani kulikuwa na vumbi jeupe, jembamba kama poda. Mzee alivuta kiti akaketi.

Vidonge vilikuwa vyake, alivyopewa kliniki kwa sababu ya mguu usiomwachia alale. Kila asubuhi alipomwona Sista akipita na viatu mkononi, aliingia humu, akakata robo kwa kile kisu, akaificha ndani ya kipande cha ini.

"Robo, mwanangu. Nilipima kwa kioo. Mimi siwezi kukata kitu visivyo."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Nimesimama kikaoni mbele ya watu nikasema hatanyamazishwa." Alifuta uso wote kwa kiganja. "Na jana nilikata robo ileile. Ileile. Sasa kwa nini alitaka kufa?"

Sajini alimwomba abaki pale. Akaenda jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

Mke wa Fundi alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha takata. Sajini hakumuuliza habari za mbwa. Alimuuliza mara ya mwisho alipomwona Sista kabla ya mkasa. Mama alisema hamsemeshi yule, kila mtu anajua. Sajini akasema hakuuliza alipomsemesha, ameuliza alipomwona.

Sufuria ilisimama. Ilikuwa Jumatano jioni, mama alisema hatimaye. Sista alikuwa anatoka kwenda kazini, akasimama getini kwake anahangaika, anajaribu kuingiza ufunguo wa kabati kwenye kufuli la geti. Mama alimtazama mpaka akashindwa kuvumilia, akamuuliza ana nini. Sista alijibu kwamba usiku uliopita nusura ampe mgonjwa dawa ya mwenzake. Mkono ulikuwa umefika kitandani ndipo akazinduka.

"Nikasema moyoni, huyu binti atamuua mtu, na mtu huyo atakuwa ameuliwa na mbwa wangu." Mama aliweka sufuria chini. "Alhamisi asubuhi nilichukua kidonge kimoja kwenye kopo la mzee. Nikakiponda kwa mgongo wa kijiko, nikakoroga kwenye maziwa ya Karani. Nilitaka alale mpaka adhuhuri, yule binti naye apate usingizi wa kueleweka. Kisha tukaenda kliniki."

"Mzee alijua?"

"Angenila nyama. Huyo na mbwa wake."

Sajini alifungua mlango wa kati. Kwa kawaida huwakutanisha watu ili mmoja amkane mwingine. Safari hii aliwakalisha upande mmoja wa meza ya jikoni, akawaambia kwa maneno machache nini kilikuwa kwenye ini na nini kilikuwa kwenye maziwa. Hakuna aliyemkana mwenzake. Mzee alimtazama mkewe kama anavyotazama saa iliyosimama na isiyo na kasoro yoyote anayoiona.

"Wewe uliapa hutamsalimia," alisema.

"Na wewe uliapa nini?"

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na Sajini alichelewa kujua kama analia au anacheka, kwa sababu alikuwa akifanya yote mawili.

Saa tisa na nusu alikuwa tena mlangoni kwa Sista. Alimwambia matokeo akiwa amesimama. Sista alisikiliza, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na bakuli la bati lenye utando wa maziwa na chembe nyeupe chini yake. Juu ya mfuko kulikuwa na karatasi: *Alhamisi, saa 3:40 asubuhi. Limeokotwa pembeni ya tangi. Halijaoshwa.*

"Ulijua," Sajini alisema.

"Mwaka jana, kabla hatujakosana, mzee aliniletea kopo la vidonge vyake vya usingizi nimsomee maandishi. Nilivyoona zile chembe, na mbwa anavyopumua, nikajua zimetoka wapi. Sikujua kwa nini." Sista alilainisha pembe ya ile karatasi kwa kidole. "Nikafikiri, labda malalamiko yangu yamemchosha mpaka ameamua kummaliza mbwa wake kwa mkono wake. Nikitaja dawa, mtamfikia yeye. Nyumba ningepata nyingine, afande. Yeye angepata mbwa gani?"

"Na kazi je?"

Sista alimnyooshea mfuko. Sajini aliupokea mfuko kwa mikono miwili. Akaongeza, kwa sababu ilikuwa kweli na hakuna mwingine aliyekuwa amekwisha kusema, kwamba daktari amesema aliyemlaza mbwa ubavu ndiye aliyemwokoa.

Kikao kilikaa kwenye uwanja mdogo kati ya nyumba, viti vya kila sebule vimetolewa nje. Sajini alizungumza dakika tano. Alieleza karatasi yenye mistari miwili, asubuhi saba, ini, maziwa. Alikuwa amewaambia wazee wale wawili kwamba hatawataja, nao walikataa kufichwa: Fundi Saa alisimama mwenyewe, akavua kofia, akasema mbele ya watu walewale kwamba alichokisema siku ile alikisema kwa kiburi, na kwamba asubuhi za zamu Karani atakaa chumba cha kazi, mlango umefungwa, yeye mwenyewe pembeni yake.

Watu walimgeukia Mwenyekiti. Alikuwa na barua mkononi. Aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akamwomba Sajini afungue kijitabu chake.

"Nataka kurekebisha maelezo yangu," alisema. "Andika kwamba niliona mgongo tu."

"Nimeshaandika, Mwalimu."

Gari la daktari wa mifugo liliingia wakati watu wanarudisha viti. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa, Karani alishuka kwa miguu inayoyumba, akatazama umati uliojaa mbele ya geti lake bila kuandikishwa, akakusanya nguvu, akabweka.

Mke wa Fundi alimshika Sista mkono, na Sista, kwa mazoea, aligeuza ule mkono mwingine kutazama saa. Daftari lilikuwa kwapani. Alilifungua juu ya mgongo wa kiti, na Sajini, aliyesimama nyuma yake, alisoma bila kuomba ruhusa.

*Saa 11:05 jioni. Mara tatu. Sauti nzima. Hakuna malalamiko.*